Seramiki kwenye Gari la Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Jirani yangu mhasibu kaniharibia siku kabla sijanywa chai. Kasimama getini kwake na glasi ya maji, kaniita nikaone. Kayamwaga maji juu ya boneti ya gari lake jeupe. Yakajikusanya vidonge vidonge, yakateleza, yakadondoka chini. Boneti kavu! Kama vile haijawahi kukutana na maji maishani. Seramiki, akasema. Alilitamka neno polepole, kama daktari anayetaja ugonjwa wa matajiri. Gari lilipakwa wiki iliyopita.

Nikamwambia sioni cha ajabu. Uongo mtupu. Kutwa nzima kazini nimeviwaza vile vidonge vya maji. Nimeweka majalada ya viwanja kwenye kabati la pensheni, mara mbili.

Sisi nasi tuna gari. Yaani, mke wangu analo. La marehemu baba yake, la bluu iliyokolea, umri miaka kumi na saba. Tuliachiwa "kwa muda". Na muda wenyewe unaisha Jumamosi. Mama mkwe anakuja kulikagua pamoja na shemeji, mdogo wake mke wangu. Kasema litabaki kwa anayelitunza. Shemeji kaanza tayari kuulizia ufunguo wa akiba.

Nina siku tano. Lazima ling'ae mpaka shemeji ajione uso humo, aone haya mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Sababu: jino. (Jino halina neno.) Gari nikamwomba mke wangu kwa sababu hiyohiyo, akapanda basi.

Nilimchimba jirani kwa kuzunguka, eti nina rafiki anayetafuta fundi. Kanielekeza kwa mwanamke anayeitwa Fundi Taratibu. Karakana yake haifanani na karakana. Sakafu imenyunyizwa maji ili vumbi lisiruke. Vitambaa vimetundikwa kwa rangi, vya vioo mbali na vya bodi. Mwenyewe hana pete, hana saa, na suruali yake haina mkanda. Nikamuuliza kwa nini. Kasema vyuma hivyo hukwaruza rangi akiinamia gari. Nikafungua saa yangu palepale.

Alivaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi, akaupitisha juu ya boneti yetu. Akaniambia nami nipapase. Mchanga mtupu! Na jana niliosha. Kisha akawasha taa. Mikwaruzo ya duara kila mahali, kama utando wa buibui. Akauliza naoshea nini. Nikasema sponji ya sufuria.

"Upande gani?"

"Ule wa kijani."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akarudi kwenye boneti. Heshima iliyoje!

Halafu akanifafanulia. Seramiki ni utando mwembamba kuliko unywele. Maji na uchafu havigandi sana, jua na kinyesi cha ndege havili rangi haraka. Ila jiwe likiruka barabarani, litabandua rangi vilevile. Na kilicho chini ya utando kinabaki chini ya utando. Nikipaka juu ya mikwaruzo, nimeihifadhi mikwaruzo. Gari linaloshinda kivulini na kuoshwa kwa adabu linatosheka na nta tu.

"Uamuzi unaanzia kwenye maegesho, kaka, si kwenye chupa."

Nimeiandika hiyo kiganjani. Akauliza gari linashinda wapi mchana. Nikasema nitafuatilia. (Mke wangu huenda nalo kazini. Miaka miwili sasa, sijawahi kumuuliza analiweka wapi.) Kazi yake ni siku mbili, nipeleke Alhamisi asubuhi.

Nimetoka pale nimevutiwa kweli kweli. Mtu anajua kazi yake mpaka unasikia raha kumsikiliza. Njiani nikawaza: kama ni utando, na utando unauzwa kwenye chupa, siku mbili ni za nini?

Jumatano, 5 Machi

Jino tena. Mkuu wa masjala kaniuliza lipi. Nikamwonyesha. Kasema jana lilikuwa upande wa pili.

Muuzaji wa duka la vifaa vya magari kaniapia chupa yake ya seramiki hudumu miaka tisa. Mawe yanadunda, kasema, akagonga meza kwa kidole kama ushahidi. Nikanunua. Mke wangu nilimwambia gari linabaki nikague matairi. Kapanda basi tena.

Saa sita mchana. Jua kali kama limekodiwa. Maelezo ya chupa yako kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Nilisoma mstari wa kwanza: paka eneo dogo, subiri kidogo, futa. Nikaona eneo dogo ni la watu wenye ndoto ndogo. Nikapaka gari zima kwa mkupuo mmoja, boneti hadi buti. Na vioo. Na kibao cha namba.

Jirani alitoka na kiti. Kiti!

Niliporudi kwenye boneti nifute, nikakuta imeshakamata. Kitambaa kikanata. Nikavuta, kikaacha manyoya. Michirizi. Madoa yenye rangi za mafuta yaliyomwagika. Juu ya paa, vidole vyangu vitano, dhahiri kama kwenye kitambulisho. Gari linaonekana limelambwa na ng'ombe mwenye mafua. Jirani kauliza kama hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Nikasema ndiyo. Kauliza ziko ngapi. Nikasema inategemea.

Mke wangu karudi saa kumi na moja. Kalizunguka gari mara moja, kaingia ndani. Heri angepiga kelele.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango: nimwambie Fundi kwamba ni mvua. Mvua ya ajabu, yenye kemikali. Kabla ya kuingia karakana nililifunika gari kwa shuka, kulipa staha.

Fundi akafunua shuka. Nikamsimulia mvua, kwa ishara. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba, kwa upole kabisa, nimwonyeshe mikono.

"Kaka, hata kucha zako zimepakwa."

Kweli. Zinang'aa kama za bibi harusi. Nikakiri. Nikamlaumu muuzaji, jua, na waandishi wa herufi ndogo. Hakucheka. Akauliza kama nina nafasi leo, akanipa taa niishike.

Hapo ndipo nilipoona kazi. Alipima unene wa rangi kwa kifaa kidogo, mahali baada ya mahali, akinong'ona namba na kuziandika juu ya utepe wa karatasi unaonata. Kwenye paa akasita: pamechoka, hapo tupite kwa mkono. Kisha mashine ya kung'arishia, mlio wa chini kama nyuki aliyeshiba. Mraba mdogo. Futa. Tazama. Rudia. Kitambaa hukunjwa mara nne, kila uso hutumika mara moja tu. Kimoja kilidondoka sakafuni, nikakiokota, nikampa. Akakitupa kwenye ndoo. Sakafu ile ni safi kuliko meza yetu ya chakula!

Saa nane, boneti ikarudi. Bluu. Si ile bluu ninayoijua mimi. Hii ina kina, unaweza kutumbukia. Nikaiona taa humo, na nyuma ya taa mtu mmoja kaacha mdomo wazi. Ni mimi. Gari la jirani mbele ya hili ni sahani tu iliyosuuzwa. Nilimsahau jirani. Nilimsahau shemeji. Kwa saa nzima sikuwa na mpango wowote. Haijapata kunitokea.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu kaomba ruhusa hospitalini, tukaenda wote. Yeye ni muuguzi, hahitaji jino, anaomba, anapewa.

Chini ya mlango wa dereva Fundi alikuta kiraka cha rangi, kirefu kama kidole, kilichopakwa kwa brashi ya mkono. Anaweza kukisawazisha kisionekane, akasema, lakini hakukigusa. Alimsubiri mwenyewe. Mke wangu akachuchumaa. Kisha akasema ni kazi ya baba yake. Siku anamfundisha kuendesha, yeye binti alikwaruza mlango kwenye nguzo ya geti, akalia. Baba yake akatafuta rangi na brashi, akaziba kabla mama hajarudi.

"Hiki kiache, Fundi."

Fundi akainama akakitazama tena. Akasema mzee alikuwa na mkono mtulivu. Mimi nikashika taa bila kuitikisa. Nadhani ni jambo la kwanza nililolifanya sawasawa wiki hii.

Halafu mke wangu akauliza: anayo haja ya seramiki, au hana? Fundi naye akauliza gari linashinda wapi. Akajibiwa: uwanja wa hospitali, juani toka asubuhi, kando ya mti wenye ndege wasio na aibu. Na nani ataosha? Yeye mwenyewe.

Basi kwako inafaa, Fundi akasema. Kinyesi hakitaacha kudondoka, ila utapata muda wa kukifuta kabla hakijala rangi. Mpako mmoja, miaka michache, si tisa. Kama lingekuwa linalala na kushinda chini ya paa, ningekupa kopo la nta nikakuaga.

Fundi anayekuambia lini usimpe kazi! Nilitaka kupiga makofi, lakini nilikuwa na taa.

Mke wangu akasema paka. Basi, kwisha. Muda wa kuchemsha yai. Mimi nimelisumbukia wiki nzima.

Alifunga milango upepo usiingie, akapaka mraba kwa mraba, akafuta mraba kwa mraba. Gari limebaki kwake likauke. Lisiguswe na maji siku mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Tumelichukua asubuhi. Saa tano wageni wakafika. Shemeji alikuja na miwani ya jua, akalazimika kuivua. Akatafuta kasoro mpaka chini ya bampa. Hakupata. Akauliza kama injini ni ileile.

Mama mkwe akalizunguka polepole, mpaka mlango wa dereva. Akasimama. Akainama, akakigusa kiraka.

"Aliniambia hili gari halijawahi kugusa kitu."

Mke wangu akatazama viatu vyake. Mama mkwe akamtazama bintiye, akatazama kiraka, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, akashika mlango asianguke. Miaka yote hiyo, akasema, mzee ananidanganya kwa brashi! Kisha machozi yakawa machozi kweli, wakakumbatiana, na shemeji naye akavaa tena miwani yake.

Nikaona ni wakati wangu. Nikakohoa. Nikaeleza kwamba nimeisimamia kazi nzima, hasa upande wa mwanga. Nikachukua glasi ya maji niwaonyeshe vidonge. Mke wangu akaipokea mkononi mwangu, akayanywa yote.

Mama mkwe akatoa uamuzi: gari ni la binti yake, muda umekwisha, lisirudi kujadiliwa. Kisha akanigeukia.

"Na wewe, mwanangu, nakupenda sana. Usilioshe."

Kumbe jirani alimpokea getini, akamsimulia Jumatano yote. Shemeji akacheka wa kwanza, kisha wote. Mwisho na mimi, kidogo.

Jumapili, 9 Machi

Ushindi. Asubuhi jirani alivuka barabara, akalizunguka gari letu, akakosa la kusema kwa dakika nzima. Nilizihesabu sekunde. Sitini na nne.

Nami nikaenda kulitazama la kwake, kwa ujirani mwema. Taa zake za mbele zimefifia, zimekuwa za njano! Gari jeupe lenye macho ya homa ya manjano. Nikamwambia. Kasema atampelekea Fundi Taratibu wiki ijayo. Wiki ijayo yote hiyo, ya nini? Nimesimama ubavuni mwa yule mama siku mbili nzima. Ujuzi unaambukiza. Na yule muuzaji wa duka kaniambia kwa simu kwamba taa hizo hutakata kwa dawa ya meno. Kaniapia. Sioni sababu ya mtu kuapa bure.

Jirani kaenda kwa mjomba wake kwa miguu, harudi mpaka saa kumi. Mke wangu katoka na mama yake kwa gari. Nimechagua dawa yenye chembechembe, ina nguvu zaidi. Nimeanza na taa ya kulia. Inatoa povu zuri sana. Maelezo sikuyasoma; dawa ya meno nani asiyejua kuitumia?