Mkurugenzi wa Mwambao na Mtani Wake

KWA HESHIMA NA TAADHIMA, Mkurugenzi wa Ziara za Mwambao wa Kusini anawaalika wageni watukufu kuzuru, kwa muda wa siku nne, kwa faragha, ndani ya gari la binafsi, pwani yote kuanzia Mikindani hadi mdomo wa Mto Ruvuma. Kiongozi ana uzoefu wa miaka ishirini. Vinyago vya kale vitapatikana kwa watakaojaliwa. Viboko wataonekana.

Hivyo ndivyo lilivyosema tangazo lililobandikwa kwenye ukuta wa stendi ya Mtwara, Jumatatu moja ya mwaka 1973. Ni wajibu kueleza kwamba Mkurugenzi aliyetajwa, Bwana Fikirini, alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, kwa hiyo alianza kuongoza wageni akiwa na miaka tisa. Kusini mwa mji alikuwa hajapita Ziwani, ambako aliwahi kwenda arusini bila kualikwa akarudi mbio. Gari hakuwa nalo. Ofisi yake ilikuwa kibaraza cha dada yake, Bi Tabu, huko Mtawanya, alipolala kati ya magunia mawili ya makopa ya muhogo. Na viboko waliingizwa kwa sababu karatasi ilibaki na nafasi chini.

Mwandishi wa habari hizi angependa ijulikane mapema kwamba hahusiki na tangazo hilo kwa namna yoyote.

Fikirini hakuamka tu asubuhi moja akatamani ukurugenzi. Wiki iliyotangulia, Mzee Saidi, balozi wa nyumba kumi, alipita na daftari lake akiandika watu wasio na kazi. Jumamosi lingekuja lori kuwachukua na kuwapeleka kijiji kipya kando ya Ruvuma, wakalime.

"Fikirini, kazi yako nini?" aliuliza Mzee Saidi.

"Shughuli mbalimbali, mzee wangu."

"Nimeandika 'hana'. Ukiniletea barua ya mtu wa maana, yenye muhuri, nitafuta. Usipoileta, Jumamosi ubebe blanketi."

Fikirini aliliogopa jembe kuliko chui. Chui, alisema, angalau hakuamshi alfajiri.

Basi Jumatatu hiyo alisimama chini ya tangazo lake amevaa kofia ya pama, koti la marehemu shemeji yake, na miwani isiyo na vioo. Mnamo saa nne ikaingia Landrova iliyojaa vumbi la Songea. Akashuka mwanamume mnene, Bwana Gaudensi, mwenyekiti wa chama cha ushirika, mtu aliyetembea na muhuri wa ofisi mfukoni kama wengine wanavyotembea na tasbihi. Nyuma yake akashuka mkewe, Mama Esta, mwembamba, mtulivu, ameshika mwavuli. Bwana Gaudensi alisoma tangazo lote. Alipofika kwenye "vinyago vya kale" alilisoma mara ya pili, midomo ikicheza.

Fikirini akajua riziki imefika, na imekuja na gari lake.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama. Ndiye mimi Mkurugenzi."

"Marahaba. Hivi vinyago, wafanyabiashara wa Dar es Salaam wanavijua viliko?"

"Wangevijua vingekuwepo, mzee? Ndiyo maana ya faragha."

"Na gari la binafsi liko wapi?"

"Si hili hapa? Au si la kwako binafsi?"

Bwana Gaudensi akacheka, akaona kijana ana akili. Walipatana shilingi mia mbili za ziara, zikalipwa papo hapo, Fikirini akazitia kwenye mkoba wa ngozi uliokuwa umening'inia begani mwake mtupu tangu ununuliwe. Ndipo Mama Esta akafungua kinywa kwa mara ya kwanza.

"Mwanangu, kabila lako lipi?"

"Myao halisi, mama."

"Myao!" Mama Esta akapiga kofi, akamgeukia mumewe. "Baba Agatha, umesikia? Tumekuja mbali kote huku, kumbe Mungu alituwekea Myao wetu! Sisi Wangoni, bwana. Lete kofia hiyo."

Na kabla Fikirini hajajua lililotokea, kofia ya pama ilikuwa kichwani mwa Mama Esta na stendi nzima inacheka.

Kwa msomaji aliyelelewa vibaya, ni lazima tusimame hapa kidogo. Babu wa Kingoni na babu wa Kiyao walipigana mikuki mpaka wakachoka, na wajukuu wakakubaliana kuendeleza vita kwa mdomo. Huo ndio utani. Mtani akikuvua kofia mbele za watu, kofia imekwenda. Ukikasirika, aibu ni yako. Ukiitaka, uikomboe; ukiwa huna cha kukombolea, ungoje zamu yako nawe, hata kama ni siku ya msiba wake. Fikirini aliweza kumdanganya mwenyekiti, karani na kadhi, lakini utani ulikuwa juu ya uwezo wake. Akacheka kwa meno tu.

Jumanne walizuru Mikindani. Fikirini alilionyesha jumba kuu la mawe akaeleza kwamba Mjerumani alilijenga kwa ajili ya mkewe, aliyekuwa mnene kupita kiasi, na ndiyo maana mlango ni mpana. Mwanamke aliyekuwa akiuza vitumbua karibu hapo akasema, "Mwongo wewe," bila kuinua macho kwenye kikaango. Bwana Gaudensi hakusikia. Alikuwa anauliza vinyago viko wapi.

Vilikuwa Ziwani, siku ya pili. Au tuseme viliwasili Ziwani siku ya pili, juu ya baiskeli ya Shabani, binamu yake Fikirini, aliyechonga vinyago vya mti laini wa bei ya chini na kuvipaka dawa nyeusi ya viatu mpaka vikang'aa kama mpingo. Shabani alikaa mlangoni pa nyumba ya watu, amejipaka unga wa muhogo kwenye ndevu, anakohoa.

"Hiki alikichonga babu wa babu yangu," alisema kwa sauti ya kaburini. "Siuzi. Nikikiuza nitakufa."

"Shilingi hamsini," akasema Bwana Gaudensi.

"Nitakufa mwezi ujao."

"Sabini."

"Wacha nife."

Bwana Gaudensi alimnong'oneza mkewe, "Hawa watu hawajui thamani ya vitu vyao. Dar nitapata mia saba!" Mama Esta alikuwa anakifuta kile kinyago kwa leso yake nyeupe. Leso ikageuka nyeusi. Akainusa. Akaikunja, akaitia kifuani, kisha akamgeukia Fikirini.

"Mtani, miwani hiyo inakusaidia nini? Lete." Akapitisha kidole pasipokuwa na kioo. "Ahaa. Ndiyo maana unaona vya kale."

Watoto wa Ziwani wakacheka mpaka wakalala chini. Miwani ikaenda ilikokwenda kofia.

Siku ya tatu, huko Msimbati, baada ya kuisukuma Landrova mchangani kwa saa nzima, walimkuta mzee mwingine, amefumba jicho moja, naye hauzi. Bwana Gaudensi alimtazama.

"Huyu mzee kama nimemwona."

"Wazee wa huku wanafanana, mzee," akasema Fikirini. "Wanakula samaki wale wale."

"Hata baiskeli zao zinafanana," akasema Mama Esta.

Lakini Bwana Gaudensi alikwisha toa pochi. Tamaa ni miwani nyingine isiyo na vioo. Alinunua vinyago vitatu, na fedha zote zikaingia kwenye mkoba wa Fikirini, kwa sababu wazee wote wawili, kwa ajabu, walimwamini Mkurugenzi awatunzie. Fungu la Shabani lingetoka humo wakirudi mjini.

Jioni hiyo, wakila pweza, Fikirini alifikiri wakati umefika.

"Mzee," akaanza kwa sauti ya yatima, "kuna jambo dogo. Balozi wetu ni mtu wa makaratasi. Hataki kuamini kwamba nina kazi. Ukiniandikia barua, ukagonga muhuri, basi. La sivyo Jumamosi nawekwa kwenye lori, nakwenda kulima."

"Muhuri nagonga hata sasa," akasema Bwana Gaudensi, mdomo umejaa. "Kuandika ndiyo shida. Mama Agatha ataandika."

"Nitaandika," akasema Mama Esta. "Mtani wangu nimwache apotee?"

Usiku ule Fikirini alilala usingizi wa watu waadilifu.

Ijumaa wakafika Kilambo. Ng'ambo ya mto ilikuwa nchi iliyoshikwa na Mreno, na vita vikiendelea huko, watu wa upande huu hawakupenda mgeni mwenye kamera. Fikirini hakulijua hilo, kwa kuwa alikuwa hajawahi kufika.

"Mdomo wa Ruvuma ndio huu?" akauliza Mama Esta. "Bahari iko wapi?"

"Inakuja, mama. Na kiboko yule pale amelala."

"Mbona ana matawi?"

Bwana Gaudensi akainua kamera amchukue kiboko mwenye matawi. Mara nyasi zikasema "Simama!" na mgambo wawili wakatokea na bunduki.

"Mnapiga picha ya nini? Nani amewaleta? Kiongozi ni nani?"

Mume na mke walimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi alitazama kiboko.

"Barua yako ya kuongoza wageni iko wapi?" mgambo akamuuliza.

Fikirini akajipapasa mifukoni kama anayeitafuta. Aliona lori la Jumamosi likigeuka kuwa gari la polisi, na akalikumbuka jembe kwa mapenzi. Hapo Mama Esta akasogea mbele na kofia yake ya pama.

"Wanangu, msimwogope huyu. Ni Myao wangu. Mimi Mngoni wa Songea, nimekuja na mume wangu kutembea. Cheti chake cha ushirika hiki hapa. Huyu tulimchukua atubebee mwavuli, akajipa ukurugenzi. Mnajua Wayao."

Mgambo mmoja akacheka. "Mimi Mmwera, mama. Hao nawajua. Haya, kamera irudi kwenye gari, na ninyi mrudi mjini."

Fikirini alishusha pumzi. Hakumaliza kuishusha.

"Nimekukomboa mbele ya mashahidi," akasema Mama Esta akinyoosha mkono. "Fidia iko wapi? Lete mkoba."

"Mama, huu mkoba una..."

"Una nini, mtani?" akauliza mgambo, bunduki ikiwa begani bado.

Una jasho la siku nne, ungesema. Una shilingi mia nne na ushei. Fikirini alitazama bunduki, akatazama mto, akauvua mkoba. Mgambo wakapiga makofi kwa heshima ya mila. Njia nzima ya kurudi alijifariji kwa jambo moja: fedha hutafutwa tena, lakini barua ilikuwa inakuja.

Na ikaja. Ijumaa alasiri, Fikirini akiwa mjini anamkwepa Shabani, Mama Esta alifika Mtawanya kumsalimu dada wa mtani wake, kama ilivyo desturi. Alikamata kuku mmoja, kama ilivyo desturi pia. Akakaa kibarazani kitambo, akaondoka na kuku na karatasi. Jumamosi asubuhi, Landrova ikiwa tayari kwa safari, alimkabidhi Fikirini bahasha iliyofungwa, muhuri umegongwa juu ya gundi ili isifunguliwe na asiyehusika.

Lori lilikuwa limekwisha simama mbele ya nyumba ya balozi. Watu walijaa. Fikirini akapenya kati yao, kifua mbele, akatoa bahasha kama mtu anayemlipia kila mmoja chai.

"Soma kwa sauti, mzee wangu. Wasikie."

Mzee Saidi akavaa miwani yake, yenye vioo.

"Ndugu Balozi. Ndugu Fikirini tumekaa naye siku nne. Hatujaona mtu mwenye uchu wa kilimo kama yeye. Njia nzima ametueleza anavyoona haya kukaa mjini wakati wenzake wanalima. Kwa unyenyekevu wake atakataa, hata atalia, msimsikilize. Apewe jembe zito, na shamba lililo karibu kabisa na mto, kwa kuwa viboko amewazoea kwa miaka ishirini. Ni mimi mtani wake, Esta."

"Ni utani huo!" Fikirini akapiga kelele. "Mzee, ni utani!"

"Nao utani haukasirikiwi," akasema Mzee Saidi akifuta machozi ya kicheko. "Tena una muhuri. Panda."

Akapandishwa. Lakini akiwa juu ya lori aliipokonya ile barua, akaitazama, akatoa mfukoni lile tangazo alilolibandua stendi, akaziweka karatasi mbili pamoja. Herufi zilikuwa zimelala upande mmoja, mikia imepindwa kwa madaha yale yale yanayofundishwa shule ya bweni.

"Salma!" akanguruma. "Salmaaa!"

Dada yake, Bi Tabu, akageuka polepole, akamtazama mwanawe, Salma, aliyejificha nyuma ya ndoo.

Mwandishi wa habari hizi, basi, anahusika. Ndiye mimi. Tangazo niliandika mimi, na viboko ni wangu. Barua niliandika mimi, Mama Esta akinisimulia ziara nzima huku kuku akipiga kelele kwapani. Lile shamba la karibu na mto niliongeza kwa hiari yangu. Mjomba alichukua kopo langu jipya la dawa ya viatu, lililoandikwa kwenye orodha ya vitu vya shule, akalimaliza lote kwenye vinyago vya Shabani. Matroni wetu hukagua viatu Jumatatu, na haamini hadithi. Mama Esta aliniletea kopo jingine, akanivika na kofia ya pama. Fedha za mkobani hakuzitaja, nami sikuuliza.

Mama ameniamuru niandike makosa yangu yote nimpelekee mjomba, nimwombe radhi. Haya ndiyo hayo. Nimechelewa kidogo kwa sababu wiki iliyopita ilitangulia barua kutoka kwake kijijini. Anasema mikono imeota sugu na hatanisamehe mpaka kufa. Anasema pia kwamba mtoni kuna viboko wa kweli, watano, na kwamba nimwandikie tangazo jingine, safari hii niweke miaka ishirini na moja.

Nimeliambatisha.