Lenzi ya Mjomba na Kipenga cha Mwisho cha Mama

Jumatatu, 5 Mei

Nimeipata! Lenzi ndefu ya mjomba, ile aliyoitumia studio yake ilipokuwa hai. Nzito kama mtoto aliyeshiba. Jumamosi mama anapuliza kipenga chake cha mwisho. Amekuwa refa kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Mimi ndiye nitakayempiga picha. Siyo Flashi.

Flashi ni binamu yangu, mtoto wa mjomba huyohuyo. Anapiga picha za harusi. Baba alishamwomba aje. Bila kuniuliza! Flashi anabonyeza tu, kamera ndiyo inayofikiri. Yangu inataka akili. Hutazami kupitia lenzi. Unachungulia kidirisha cha pembeni, mna kivuli cha mtu unayempiga katikati, unazungusha lenzi mpaka kivuli kimlalie mtu mwenyewe. Hapo picha imetulia.

Mama ana picha moja tu ya uwanjani. Ilitoka gazetini. Mshambuliaji anashangilia, na pembeni kuna kiwiko cha mama. Kiwiko! Alikikata kwa mkasi, akakibandika kwenye albamu. Jana alisema, kwa sauti ndogo, kwamba safari hii angependa kuwa na uso.

Jumanne, 6 Mei

Mjomba ana maonyo mengi. Anasema lenzi hii ilizoea kutafutiwa fokasi, ule ukali wa picha, na mota ya kamera yake ya zamani. Ukiitenga nayo ni sawa na bwana harusi aliyepikiwa na mama yake hadi jana: hajui hata chumvi iko wapi. Nitaizungusha mwenyewe kwa mkono. Na kile kidirisha changu nisikitegemee, hakiifahamu lenzi hii kabisa. Nizungushe nisizungushe, kivuli hakitikisiki. Nitumie skrini ya nyuma.

Nimemjibu kwamba nimeelewa. Moyoni nimeona anazeeka.

Amenipa adapta, bangili ya chuma inayoishikiza lenzi kwenye kamera. Imelegea, inacheza kidogo. Anasema niiache icheze. Nisiongeze kitu hapo katikati, hata unene wa ukucha, maana lenzi ikisogezwa mbele inakuwa kipofu wa mbali.

Jioni Flashi alipita nyumbani, akaiona mezani. Akauliza, “Dada, unapiga picha au unachimba kisima?” Baba alicheka mpaka akatafuta kiti. Mimi sikucheka.

Jumatano, 7 Mei

Adapta inacheza! Siwezi kuvumilia kitu kinachocheza. Nimekata pete ya kadibodi kutoka kwenye boksi la viatu, nimeipachika katikati. Kimya! Imetulia kama ndoa ya wazee. Watu wa zamani wana hofu nyingi mno.

Nimefanya majaribio kwenye korido. Baba alikuwa mwisho wa korido akipiga pasi sare ya mama. Picha kali ajabu. Vinyweleo vya masikio yake vyote vinaonekana. Aliniomba nivifute.

Nje mvua. Hakuna haja ya kujaribu nje. Uwanja ni korido pana tu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimefanya jambo. Nimempigia Flashi simu, nikamwambia mama hapendi kupigwa picha akiwa kazini, ameomba aje kama mgeni tu. Nilitarajia abishe. Nilikuwa na majibu yangu tayari, mazuri sana. Akasema tu, “Basi shangazi asipate taabu kwa ajili yangu. Nitakuja na makofi yangu.”

Mpinzani hasemi hivyo. Nimekaa na simu mkononi muda mrefu. Nilitaka kumpigia tena. Badala yake nimeisafisha lenzi.

Jumamosi, 10 Mei

Sijui nianzie wapi.

Niliwahi. Nilipanda juu kabisa jukwaani, nikaifunga lenzi kwenye mguu wake wa vyuma vitatu. Shabiki mmoja nyuma yangu akasema, “Mwandishi, ukiona mwezi unaandama, nasi tuambie.” Nikajifanya sisikii. Kumbe ilikuwa fahari tu.

Kipindi cha kwanza: ukungu. Nikazungusha lenzi mpaka ikagoma. Ukungu! Mama, katikati ya uwanja, alikuwa doa jeusi linalokimbia. Lakini bwana aliyeketi safu chache mbele yangu, kisogo chake kilikuwa safi kabisa. Ningeweza kumwonyesha kinyozi alikosea wapi.

Karibu safi, mbali kipofu. Kadibodi!

Kama ningeiacha lenzi, nikashuka na macho yangu mawili tu! Sikushuka. Niliamua kuitoa kadibodi palepale. Nikaichomoa kamera, lenzi ikabaki kwenye mguu wake, nikainama. Kadibodi ilikuwa imekwama. Nikaikwaruza kwa ukucha. Ikatoka kipande. Kipindi cha pili kikaanza, nikaendelea kukwaruza.

Nikasikia kipenga. Kirefu, kirefu. Halafu jukwaa zima likasimama, hata wale wanaomtukana mama kila wiki.

Nilipoinua kichwa niliona migongo. Wanasema wachezaji wa timu zote mbili walimbeba juujuu. Wanasema alilia. Baba alirekodi kwa simu: ni kidole gumba chake mwanzo mpaka mwisho, na shangwe kwa mbali.

Flashi alikuwa mstarini kabisa, jirani na mama, mikono mitupu. Anapiga makofi. Kamera aliiacha nyumbani, kama alivyoambiwa. Tulikutana getini, akasema, “Dada, wewe ulikuwa juu. Bila shaka umeipata.”

Nikasema ndiyo.

Jumapili, 11 Mei

Mama aliiomba picha asubuhi, kabla hata ya kunawa. Nikamwonyesha ile iliyo safi. Akaitazama sana. Akauliza huyu ni nani. Nikasema simjui. Akasema ni kisogo kizuri.

Ndipo nikamweleza yote. Kadibodi. Flashi. Hakunifokea. Uwanjani ana kadi mfukoni kwa kila kosa. Kwangu alikunja tu kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena. Kisha akasema nimpigie Flashi mwenyewe, leo, nimwambie ukweli. Nimempigia. Flashi akasema, “Nilikuwa karibu naye kabisa, dada. Karibu kabisa.” Akakata simu.

Mchana mama alikuja chumbani kwangu na vikombe viwili vya chai. Akaketi kwenye kiti karibu na dirisha. Akasema alipopuliza kipenga alinitafuta jukwaani. Alitaka kuuona uso wangu. Aliona bomba, na nyuma ya bomba mgongo ulioinama. Akasema picha si kitu, mwanangu, weka hayo mavyuma chini, njoo tunywe chai.

Nilitaka kulia. Nilitaka kwenda.

Lakini mwanga! Ulimwangukia shavuni, ukapita kwenye mikunjo ya macho, macho yenyewe yamelowa kidogo. Uso mzima! Na kwa umbali ule lenzi haina tatizo lolote, kadibodi au bila kadibodi. Nikamwambia asisogee, asinywe, abaki vilevile. Nikakimbilia sebuleni kuuchukua mguu wa kamera. Skrubu moja ilikuwa ngumu. Nikaitia mafuta. Nikaifunga vizuri, kwa uangalifu, sikutaka kurudia makosa.

Niliporudi kiti kilikuwa kitupu. Nilimsikia uani akicheka na baba.

Nimepiga picha ya kikombe chake. Kimetoka vizuri mno.

Tatizo la mama ni moja tu. Hana subira.