Wapwa Wawili wa Ulimi

Ulimi alikuwa anapita tu, hana hili wala lile, aliposikia kelele kutoka kinyozini.

"Uzito wa kati haujawahi kuwa na bondia kama Radi!" Kinyozi alifoka, wembe juu, mteja kafumba macho.

"Radi gani? Chuma ndiye baba lao!" alijibu Fundi Cherehani kutoka ng'ambo ya barabara, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

Mabondia hao walistaafu zamani na hawakuwahi kukutana ulingoni. Lakini kwa ajili yao, majirani hawa walikuwa wamenyimana salamu mwaka mzima. Ulimi akatabasamu. Watu wasiosalimiana ni shamba lililokwisha kulimwa. Kilichobaki ni kupanda.

Asubuhi iliyofuata aliketi kwa Kinyozi. "Radi ni mjomba wangu," alinong'ona. "Ila usimtangazie mtu, mzee hapendi makuu." Akanyolewa bure, akaletewa chai na mayai. Jioni akavuka barabara na kuwa mpwa wa Chuma. Huko alishonewa suti na kulishwa wali mpaka mshipi ukaomba radhi.

Mambo yalikwenda hivyo mwezi mzima. Kisha siri zikawawasha wenyewe. Kila mmoja alijigamba kwa wateja kwamba ana damu ya bingwa mkononi, na wateja wakasema: basi wapwa wapigane, ubishi uishe. Kinyozi na Fundi wakachangia zawadi, runinga mpya ndani ya boksi lake.

Mwingine angetoroka. Ulimi alipiga hesabu: mpinzani wangu ni mimi, na mimi sitatokea. Nitashinda bila kukunja ngumi!

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Ulimi akapanda ulingoni kama mpwa wa Chuma, amevaa joho alilomwomba Fundi, lenye kofia ya kufunika uso mpaka kidevuni. Upande wa pili palikuwa patupu. Kinyozi alikuwa akichungulia mlangoni, jasho linamtoka.

"Mpwa wa Radi ameingia mitini!" Ulimi alitangaza kwa sauti nzito. "Nipeni runinga yangu, nina safari."

"Subiri kidogo, baba." Aliyesema ni mama mtunza funguo wa ukumbi, aliyekuwa amekaa karibu na kamba na fagio lake. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa dada yake Chuma, mama."

"Dada yake Chuma ni mimi. Tulizaliwa wawili tu. Nami nimezaa mara moja, huyu hapa."

Msichana aliyekuwa pembeni yake akasimama, mabega mapana, glavu tayari mkononi. Kila jioni alifanya mazoezi humo humo. Akapanda na kuvuta ile kofia ya joho.

"Lo!" Kinyozi akapiga ukelele wa furaha. "Si ndiye mpwa wa Radi huyu! Umefika, mwanangu!"

"Basi pambano lipo," mama akasema kwa upole.

Ulimi akageuka huku na huku. Akikana ujomba wa Radi, kuna Kinyozi na wembe wake. Akiung'ang'ania, kuna msichana. "Jamani, uzito wetu haulingani!" alilia.

Mizani ikaletwa. Chai, mayai na wali vilikuwa vimefanya kazi yake: uzito wa kati, sawasawa na binti.

Kengele ikalia. Ulimi akafungua mdomo kupendekeza mazungumzo, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Alipozinduka alikuwa chali. Binti na mama yake walikuwa wanatoka na boksi la runinga, mmoja mbele, mmoja nyuma. Juu yake ziliinama nyuso mbili zilizokwisha kuelewa kila kitu.

"Tapeli huyu," Fundi alisema.

"Tapeli kabisa," Kinyozi akakubali. Lilikuwa neno la kwanza kukubaliana mwaka ule. Wakamshika mmoja mkono huu, mwingine ule, wakaanza kumburuta nje.

"Lakini ile ngumi ya kushoto uliiona?" Fundi akauliza.

"Kushoto? Una macho kweli wewe? Ilikuwa ya kulia!"

Wakamwachia hapo hapo mlangoni, kichwa kikagonga sakafu, ili wapate mikono ya kubishania.