Malalamiko Kuhusu Mechi ya Siku Tano Iliyokwisha Siku ya Tatu

Kwa Katibu,
Chama cha Mashabiki wa Kriketi,
Chumba cha juu, duka la miwani.

Ndugu Katibu,

Natumaini u mzima na ngazi za ofisini kwako zimeshatengenezwa. Mimi si mwanachama wako. Mimi ni mke wa mwanachama nambari kumi na saba, yule mrefu aliyestaafu posta, anayekaa mikutanoni kwenu tangu mwanzo hadi mwisho bila kufungua mdomo. Usidhani anawadharau. Hata nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Kazi yangu ni ushonaji, mwaka wa thelathini na moja sasa, kwa hiyo kitu kilichokatwa vibaya nikikiona nakijua. Ziara yenu ya kuifuata timu ughaibuni ilikatwa vibaya. Naomba nieleze kwa mpangilio, na kwa heshima zote.

1. Neno "ziara". Mume wangu aliporudi kutoka kwenye mkutano wenu alisema maneno tisa, ambayo kwake ni hotuba: "Mama watoto, jiandae, tunakwenda ziara ya nchi za nje." Nikamshonea suti. Nikajishonea magauni manne, moja likiwa la kulia chakula hotelini. Nikawatangazia wateja, kwa sauti ambayo leo naijutia, kwamba kwa wiki tatu sitapokea nguo ya mtu. Ndugu Katibu, hakuna aliyenidokeza kwamba kwenu ziara maana yake ni mtu kubeba nyumba yake mgongoni.

2. Begi. Siku mbili kabla ya kuondoka aliniletea begi la mgongoni, la kijani, lenye kamba nisizojua zinafunga nini. Akasema sanduku halitafaa, tutatembea sana. Nina miaka hamsini na minane. Mara ya mwisho kubeba begi la namna ile, ndani mlikuwa na daftari la hesabu na rula. Magauni manne yakabaki moja, na nafasi ya yale matatu ikachukuliwa na birika la umeme, mwavuli na mikate, maana mume wangu alikuwa ameapa hatutanunua chakula mahali penye kitambaa mezani. Na kutembea tulitembea. Kutoka stendi ya mabasi hadi hosteli tulitembea saa nzima, yeye mbele na karatasi yake ya ramani ameishika juu chini.

Hosteli yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha vitanda vya ghorofa, sisi na vijana sita. Nikapewa kitanda cha juu kwa kuwa magoti ya mume wangu ni mabovu. Siwezi kuwasingizia wale vijana. Kila nilipoanza kupanda ile ngazi ya chuma, wote sita waligeuka wakatazama ukutani kwa pamoja, kama wako kwenye gwaride. Lakini mtu mzima hapaswi kupewa heshima ya aina hiyo.

3. Mchezo wenyewe. Wanacheza, wanakwenda kula. Wanacheza, wanakwenda kunywa chai. Likidondoka tone la mvua wanakimbia wote kama wameacha nguo kwenye kamba. Siku ya kwanza, saa kumi jioni, nilimuuliza mume wangu nani anaongoza. "Ni mapema mno kusema," akanijibu. Mvua ikanyesha hadi siku ya tano, hakuna aliyeshinda, na watu wakapeana mikono kwa furaha. Mimi nikikaa na kitambaa cha mteja siku tano halafu nimrudishie kitambaa, atanipa mkono?

Hapa kuna jambo zito zaidi. Kwa kuwa mchezo ni mrefu na mimi sielewi, mume wangu alilazimika kunieleza. Alianza na sheria. Kufikia siku ya tatu, tukiwa chini ya mwavuli mmoja na viti vyote vya jirani vikiwa vitupu, sheria zilikuwa zimemwishia na bado anaongea. Akanieleza jinsi alivyoficha redio ya kusikilizia kriketi chini ya meza ya kuchambulia barua, kule posta. Akanieleza kwamba tangu astaafu anaogopa kukaa katika chumba ninamoshonea, kwa sababu anajiona kama kabati lililowekwa mlangoni. "Kila ukipita lazima ujipinde," akasema. Nilikuwa nimeishi na mtu huyu miaka yote hiyo nikidhani amenichoka. Nauliza chama: nani aliwapa ruhusa ya kunifanya nimjue mume wangu hadharani, nimelowa, bila hata leso?

4. Kushindwa haraka. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Hosteli ile hufungwa kwa usafi tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo kiti cha uwanjani ndicho kilikuwa sebule yetu, siku tano kwa tiketi moja. Timu yenu, katika mechi ya pili, ikatolewa wachezaji wote, ikashindwa kabla ya chakula cha mchana cha siku ya tatu. Uwanja ukafungwa kwa kufuli. Tukabaki barabarani na mabegi.

Tulikwenda kukaa kwenye duka la kufulia nguo kwa mashine, tukafua shati moja mara nne. Tulikwenda kwenye duka la samani, tukakaa kwenye sofa hadi muuzaji akatuuliza tuletewe lini. Na muda wote huo mume wangu alikuwa kimya. Kimya kile kile cha zamani. Nikamuuliza habari za redio ya posta, akasema, "Basi tu." Ndugu Katibu, sijali timu ikishindwa. Ninachoomba ni ishindwe kwa utaratibu, kwa siku zote tano zilizoandikwa kwenye tiketi.

5. Suruali. Mechi ya tatu, siku ya nne, nahodha wenu alijirusha chini ili asitolewe, na suruali yake ikapasuka kutoka kiunoni hadi mahali nisipotaka kupaandika. Ya akiba ilikuwa kwa dobi. Mchezaji mmoja akaja mbio kwenye uzio akiuliza nani ana sindano. Mume wangu, ambaye hajawahi kumpungia mkono hata kondakta, alipanda juu ya kiti akapiga kelele: "Mke wangu ni fundi! Ni fundi hasa!"

Watu wote wakageuka. Nikashuka. Nilimshona akiwa amesimama, amenipa mgongo, mwamuzi akitazama saa, kwa uzi wa kijani maana mweupe sikuwa nao. Nikamwambia asipumue. Alirudi akapiga hadi jioni, akarudi kesho yake akapiga tena, na timu ikashindwa siku ya tano, saa kumi na mbili kasorobo. Mume wangu alilia kwa furaha kwamba safari hii siku zote tano zilitimia. Magazeti yakasifu mikono ya nahodha. Kuhusu mshono, hakuna hata mstari. Sindano yangu, waliyobaki nayo kwa dharura nyingine, sijarudishiwa. Na mama mkwe wa binti yangu ameniona kwenye televisheni nimeshika suruali ya mwanamume nisiyemjua, akapiga simu kuuliza kama nyumbani kuna amani.

Kutokana na hayo, naomba mambo mawili tu. Kwanza, sindano. Pili, jina la mume wangu lifutwe kwenye daftari lenu. Tangu turudi haishi kuongea. Anahamishia kiti chake karibu na cherehani yangu tangu asubuhi, ananisimulia mechi ambazo tulizitazama pamoja, na mteja akikosea kipimo anamnyooshea kidole juu kama mwamuzi, kumwonyesha kwamba ametolewa. Kazi za watu zimenilalia.

Nisalimie mweka hazina, wanakamati wote, na yule bwana anayesinzia kwenye picha zenu.

Wako mwenye kinyongo cha haki,
Fundi Cherehani,
mke wa nambari kumi na saba.

N.B. Nimemsomea mume wangu barua hii kabla ya kuifunga. Alicheka hadi akakaa sakafuni, akasema nina haki, anajitoa mwenyewe. Basi mfuteni. Ila nimeona tangazo lenu jipya la ziara kwenye dirisha la duka la miwani, mechi nne, na nisingependa mstari wake daftarini ubaki mtupu. Andikeni jina langu. Nitampigia simu kila siku nimweleze kinachoendelea, na safari hii zamu ya kusikiliza ni yake.