Uwanja wa Ndege wa Makambako

Lori lilichemka maji karibu na Makambako, abiria wote wakashuka wakilaani. Nahumu peke yake alishuka akitabasamu, kwa sababu alikuwa ameona vigingi vyeupe katikati ya nyasi.

Wazungu wapima ardhi walikuwa wamekuja, wakavigongomea vigingi vile, wakanywa chai, wakaenda zao bila kumwambia mtu hata neno. Serikali ya Mwingereza ilikuwa na tabia hiyo. Na jambo ambalo halina maelezo, kwa Nahumu, lilikuwa shamba lililokwisha kulimwa; kazi iliyobaki ni kupanda uongo.

Nahumu alikuwa mwenyeji wa Njombe, ila alikaa Dar es Salaam muda wa kutosha kununua tai ya shingoni na kuitazama ndege akiwa nje ya uzio. Siku ya gulio alisimama sokoni Njombe, akapanga magunzi ya mahindi chini.

"Kamwene, ndugu zangu! Makambako panajengwa uwanja wa ndege wa dunia nzima. Gunzi hili ndiyo njia ya kukimbilia ndege. Hili ni ukumbi wa kungojea, viti vina mito. Na huu ni mnara. Mwenye mnara ndiye anayeiambia ndege: shuka, au subiri."

"Ndege ikibisha?" akauliza Mzee Yoeli. Huyu alikuwa na kondoo wengi kuliko mtu yeyote pale, lakini nyumbani kwake hakuna aliyemsikiliza, kuanzia mkewe Yudita hadi mbwa.

"Inarudishwa ilikotoka, mzee. Hata kama imembeba gavana."

Yoeli akameza mate.

"Na choo?" akauliza Dorkasi, mjane aliyeuza togwa.

"Kimo ndani, mama. Ubavuni mwa chumba cha kulia chakula."

Watu wakaguna kwa kinyaa, wengine wakaanza kuondoka. Uwanja mzima ulitaka kubomoka kwa sababu ya choo. Nahumu akakihamisha mbio, gunzi lake na yote, mpaka nyuma ya kikapu cha viazi, na watu wakarudi kukaa.

Akaeleza kuwa kila nafasi inauzwa, lakini serikali haitaki fedha. Inataka kondoo. "Ndege haishuki penye nyasi ndefu, inajikwaa. Nani atazila nyasi zile? Mimi?"

Hoja hiyo haikuwa na pa kushikia. Mwenye kondoo alileta kondoo. Mmoja akapata duka, mwingine akapata veranda ya kupungia watu mikono. Yoeli alikwenda Makambako kuhakikisha, akaviona vigingi kwa macho yake, akarudi akautwaa mnara. Dorkasi hakuwa na kondoo. Alimpa Nahumu togwa, akaomba kazi yoyote. Nahumu, ambaye kutoa hewa hakukumgharimu kitu, akamfanya mkuu wa mizigo.

Siku ya kuondoka, Nahumu alikodi lori. Mdomoni alisema Makambako. Moyoni alisema Iringa, kwenye wachinjaji. Kondoo walipoanza kupakiwa, Dorkasi akatokea amevaa koti la marehemu mumewe, chaki mkononi, akimchora kila kondoo alama mgongoni.

"Abiria hasafiri na mizigo yake," akatangaza. "Wewe tangulia, Bwana Nahumu. Mizigo itakukuta huko."

"Mama, hawa si mizigo. Ni wafanyakazi."

"Wana tiketi?"

Umati ulikuwa unamtazama Nahumu, na tarishi wa boma alikuwa amesimama palepale akila muhindi. Akisema kazi ya mizigo ni ya uongo, mnara nao je?

"Kondoo washuke!" Yoeli akaamuru kwa sauti ambayo hata yeye ilimshtua. "Lori liondoke!"

Lori likaondoka na Nahumu peke yake.

Makambako, Nahumu alishuka akangoja mizigo yake kwenye baridi, tai ikimpiga usoni. Lori jingine kutoka Njombe lilipofika bila kondoo, akamrukia dereva.

"Nimewaacha wakitoka Njombe," dereva akasema. "Mama mmoja mwenye koti anawaswaga kusini, kuelekea Mlangali. Nikamuuliza mbona huko, akasema wanabadilisha ndege."

Nahumu akakaa chini kwenye vumbi. Hakuwa na kondoo, wala uso wa kurudi nao Njombe. Hapo ndipo Yoeli aliposhuka kutoka nyuma ya lori lilelile, amebeba ngazi ya mianzi, mkewe Yudita akimfuata na blanketi.

"Nimekuja kuanza kazi," akasema. "Shika ngazi, Bwana Nahumu, mpaka mnara ujengwe."

Kukimbia kungekuwa kukiri. Nahumu akashika ngazi katikati ya vigingi. Yoeli akapanda hadi juu kabisa, akapanua kifua.

"Subiri!" akaliambia anga.

Mwewe aliyekuwa anakuja upande wao akageuza, akarudi alikotoka.

"Umeona, Yudita?" Yoeli akauliza.

"Nimeona, baba," akajibu mkewe kwa heshima, na Nahumu akahisi ngazi ikizidi kuwa nzito.