Mti Uliolala Barabara ya Palo Negro

Osman Antelo alikuwa hodari wa kuuza asichokuwa nacho. Aliwahi kuuza viwanja vilivyokuwa katikati ya bwawa, na vikaisha vyote. Asubuhi hiyo, akitoka Palo Negro na pikapu yake na mapipa manne matupu, alikuta upepo wa kusini umeangusha mti wa toborochi, ukalala barabara nzima. Ng'ambo ya mti malori ya soya yamejipanga, injini zimezimwa, madereva wako kivulini wanatafuna majani ya koka.

Hakuna aliyeuliza nani kauweka. Katika nchi ile kitu kikiziba barabara ni mgomo, na mgomo una wenyewe.

"Kaka," dereva mmoja mnene akamwita, "kiongozi wenu yuko wapi?"

Osman akautazama mti. Akayatazama matangi ya malori, na siku zile dizeli ilikuwa adimu kuliko ukweli bungeni.

"Ni mimi," akasema. "Kila lori ndoo moja ya dizeli, mchango wa mapambano. Jioni tunafungua."

"Mnadai nini lakini?"

"Haki."

"Haya, hiyo sawa," dereva akasema, akaenda kutafuta mpira wa kunyonyea mafuta.

Kufika saa nane mchana mapipa yote manne yamejaa. Osman alikuwa ameshika usukani, moyo mweupe, alipotokea mama Nelfy, muuza maandazi ya jibini, na wanawake ishirini. Wamebeba masufuria, viti na bendera ya mkoa.

"Tumesikia unagoma kwa ajili yetu, mwanangu. Tusomee madai basi."

Mjanja hakosi maneno. Osman akapanda juu ya mti.

"Gesi inatoka chini ya miguu yetu, inakwenda zake Brazili. Fedha zinapanda milimani kwa serikali. Makombo wanakula matajiri wa mjini, wale wanaopayuka kila siku mkoa ujitawale. Na mama zetu hapa wanapikia nini?"

"Kuni," wanawake wakajibu, na mmoja akafuta machozi, ingawa huenda ni moshi wa jiko lake.

Hata Osman nusura ayaamini maneno yake. Wakamchagua mwenyekiti palepale, na madereva wakakubali kusubiri, maana nao wana wake wanaopuliza kuni. Redio ikasema serikali itatuma mjumbe, ila haina haraka.

"Basi mwenyekiti agome kula," akasema Nelfy. "Ndivyo inavyokuwa siku zote."

"Mama, nina vidonda vya tumbo."

Nelfy akamvuta kando. "Mti huu niliusikia ukianguka alfajiri. Niwaambie hawa madereva kwamba dizeli yao wameuchangia upepo? Hapo si tumbo litakalokuuma."

Osman akalazwa chini ya turubai. Siku tatu akanusa wali wa nyama kavu wa wafuasi wake, na kila aliyepita na sahani akamwambia, "Kaza moyo, mheshimiwa."

Siku ya nne mjumbe akafika kwa miguu, suti imegeuka rangi ya vumbi. Gari la serikali lilikuwa limeishiwa mafuta kilomita sita nyuma. Ndiyo nchi ya gesi hiyo.

"Dizeli tunayo," Nelfy akamwambia. "Karatasi tunayo. Kalamu unayo wewe."

Mjumbe akasoma: bomba la gesi lichepushwe mpaka majikoni Palo Negro. Akasema ni lazima awaulize wakubwa. Nelfy akamwambia awaulize tu, jua bado lipo. Mjumbe akalitazama lile jua, akasaini.

"Pipa moja la kukurudisha nyumbani," Nelfy akasema. "Matatu yanawangoja mafundi wa bomba, wasije wakasingizia mafuta."

Watu walipokuwa wakiusogeza mti, Osman akatambaa hadi kwenye pikapu. Akawasha. Ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

Nelfy akaja dirishani na bakuli la supu.

"Tangi lako nalo limechangia mapambano, mwanangu. Kiongozi hawezi kutoa kidogo kuliko watu wake. Kula upate nguvu. Mafundi wakichelewa tunafunga daraja, na mwenyekiti tunaye."