Ripoti Iliyonitangulia Kuzaliwa

Alhamisi, 14 Machi. Asubuhi manyunyu, kisha jua kali.

Ndugu Meneja Utumishi,

Natumaini kikohozi kimekuachia. Mimi karani wako wa masjala nakuandikia kwa masikitiko, lakini kwa adabu.

Jana uliikataa ripoti yangu ya majalada yaliyopotea, iliyotakiwa Jumatatu, kwa kuwa kompyuta inaonyesha iliandikwa tarehe 1 Januari 1970, saa tisa usiku. Ukanifuta kwenye orodha ya wanaowania ukuu wa masjala. Nina miaka thelathini na minne. Lakini wewe mwenyewe ulitangaza mkutanoni kwamba kompyuta haidanganyi, nami si mbishi. Kwa hiyo:

1. Ripoti ya 1970 haikuchelewa. Imewahi kwa zaidi ya miaka hamsini. Nani mwingine humu amewahi hivyo?

2. Ilikuwa usiku wa mwaka mpya. Wenzangu wamelala, wengi hawajazaliwa, mimi niko kazini. Hata asante sikupata.

3. Kompyuta inasema pia ilisomwa mara ya mwisho saa hiyohiyo. Wewe unasema uliisoma jana, neno kwa neno. Nauliza tu.

4. Mlinzi wa getini, mzee mwenye wajukuu saba, sasa ananiamkia shikamoo. Nimeitikia marahaba mara tatu. Dhambi hiyo naiandika kwenye hesabu ya ofisi. Mhasibu naye kila nikipita: "Bibi, hebu tusimulie za zamani!"

5. Kwa kuwa sasa mimi ndiye mkongwe kuliko wote, ukiwemo wewe, naomba ukuu wa masjala, kiti cha dirishani, na uwe unaniaga ukitoka mapema.

Nisalimie dada wa mapokezi, dereva, na shemeji huko nyumbani.

Mtumishi wako wa tangu zamani,
Karani wa Masjala

Tanbihi: Nilifungua shajara yangu nitafute ushahidi, nikakuta haya: "Jumanne. Ripoti nimemaliza saa sita mchana, nimechelewa siku moja. Mume wa dada yangu, fundi wetu wa kompyuta hapa ofisini, kanionyesha amri ya kubadili saa za faili. Kasema, 'Shemeji, hapa jaza saa ya kusomwa, hapa saa ya kuandikwa. Mimi simo.' Nimeona aibu kuandika uongo kwa mkono wangu. Nimeweka sifuri kote kuwili, kompyuta ichague yenyewe."

Jioni hii fundi kacheka mpaka kashika ukuta. Kumbe kompyuta huanza kuhesabu saa zake mwaka 1970; sifuri ndiyo siku yake ya kwanza.

Basi nilichelewa. Nafasi mpe aliyewahi, na kiti nakiacha. Hoja ya tatu tu naibakiza: fundi anasema ungeifungua ile ripoti jana, saa ya kusomwa ingebadilika.

Nalala saa nne kasorobo. Saa hii haijaguswa na mtu.